Askofu Frank Weston na Mwili wa Mpagazi

Baba Askofu, mapadre, masista, walimu wa kanisa, wazee wetu, na ninyi vijana mliojaa viti vya nyuma: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya Askofu Frank Weston, aliyefariki hapa hapa Bonde, Hegongo, tarehe 2 Novemba 1924. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka marehemu wote, ndiyo maana jina lake halikosi kutajwa tunapokutana siku kama ya leo. Lakini naona watu humjua nusu nusu. Waliokulia katika Kanisa la UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, humjua kama askofu wa misa, ubani na kitubio, aliyewakaripia maaskofu wenzake hadharani. Waliosoma historia humjua kama Mwingereza aliyeisema serikali yake kuhusu kazi ya shuruti Kenya. Husimuliwa kama watu wawili, na kila mmoja ana kundi linalompenda. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba aliyefukiza ubani na aliyeitetea shingo ya mpagazi ni yule yule, na kilichomsukuma ni kile kile. Alisadiki kwamba Mungu alitwaa mwili wa binadamu, mwili halisi wenye njaa na jasho, na akakataa kukubali kwamba baada ya hapo mwili wa mtu yeyote unaweza kufanywa mali ya mwingine.

Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma Oxford, Chuo cha Trinity, akamaliza mwaka 1893 na daraja la kwanza katika teolojia. Mwenye cheti kama kile angeweza kukaa chuoni akafundisha maisha yake yote. Yeye alianza kuhudumu Stratford, mashariki ya London, kwenye mitaa ya vibarua, kisha Westminster, na mwaka 1898 akaja Unguja. Misheni ya UMCA haikutoa mshahara. Wamisionari wake waliishi bila ndoa, wakala meza moja, na wengi wao homa iliwamaliza mapema sana.

Hebu tuitazame Unguja aliyoikuta. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi wake, na masimulizi ya wenyeji wa kanisa lile yanasema altare imewekwa mahali pa nguzo walipochapiwa watumwa. Aliyepata kwenda anajua jinsi mtu anavyopunguza sauti mwenyewe akifika pale mbele. Ila soko kufungwa na utumwa kwisha ni mambo mawili. Amri ya kuondoa utumwa katika sheria ya Unguja ilitoka Aprili 1897, mwaka mmoja tu kabla Weston hajashuka bandarini. Nayo amri ile ilikuwa na masharti. Mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akishaupata aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Karafuu zilikuwa zinangoja wachumaji. Huku bara, chini ya Wajerumani, sheria iliendelea kuutambua utumwa, na haukufutwa kabisa mpaka mwaka 1922, Waingereza walipokwisha kutawala.

Kwa hiyo kijana yule wa Oxford alijifunza mapema kwamba minyororo inaweza kuondolewa kwa tarumbeta mchana na kurudishwa usiku kwa karatasi ya serikali. Naomba mlishike hilo, maana tutalihitaji tukifika Kenya.

Miaka yake kumi ya kwanza ilikuwa ya kufundisha. Alianzisha chuo cha wanafunzi wa ukasisi pale Mazizini, na kuanzia 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, chuo ambacho kazi yake ilihamia baadaye Minaki. Kiungani kilianza na watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kufikia wakati wake kilikuwa kinapokea vijana wa Kibondei, Kizigua, Kiyao, Kimakua na wa Ziwa Nyasa. Aliwafundisha kwa Kiswahili, alihubiri kwa Kiswahili, na akaandika kwa Kiingereza kitabu kizito juu ya Kristo, kilichotoka mwaka 1907. Swali la kitabu kile lilikuwa hili: inakuwaje yule aliye Mungu kweli akaishi ndani ya mipaka ya mwanadamu, akachoka, asijue kila kitu, akaumia? Wasomi wa Ulaya walikisoma kama hoja ya darasani. Mimi nadhani mwandishi wake alikuwa anaandika huku akiwatazama vijana wa Kiungani uani, watoto wa watu waliopangiwa bei.

Mwaka 1908 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilikuwa kubwa kupita kiasi: visiwa, Bonde na Uzigua, mpaka kusini kule Masasi na Mto Ruvuma. Aliizunguka kwa miguu. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista la Mateso Matakatifu, na masista walioko hapa leo wanajua ni wagonjwa wangapi wa misheni yetu ya Magila waliopita mikononi mwa wale mama.

Kuhusu ugomvi wa Kikuyu nitapita haraka, ingawa ndio uliompa umaarufu Uingereza. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana kwenye misheni ya Wapresbiteri pale Kikuyu, wakapanga shirikisho la makanisa. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Komunyo ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wengi wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Willis wa Uganda alikuwapo. Weston alipopata habari aliwaka. Aliandika barua ya wazi, akamtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awashitaki maaskofu wale wawili kwa uzushi. Magazeti ya London yaliishangilia vita ile mpaka vita yenyewe ilipokuja mwaka 1914 na kuwanyamazisha wote.

Mimi ni mtoto wa UMCA, nimebatizwa ndani yake, lakini siwezi kusimama hapa nikasema alitenda sawa. Ukiwaita wenzako wazushi mbele ya waandishi wa habari, huwezi tena kukaa nao mkazungumza. Hata hivyo hoja yake isidharauliwe. Alisema Mwafrika anayebatizwa ana haki ya kupewa Kanisa zima, imani yote na sakramenti zote, kama anavyopewa Mwingereza. Hakutaka Waafrika wapewe Ukristo uliopunguzwa kwa sababu wazungu wameshindwa kuelewana. Na jambo la pili ninaloomba mlikumbuke ni jina la Askofu Willis, kwa kuwa tutakutana naye tena.

Sasa vita. Mwezi Agosti 1914 dayosisi ilikatika vipande viwili: askofu yuko Unguja kwa Waingereza, na sehemu kubwa ya kundi lake iko bara kwa Wajerumani. Wamisionari Waingereza walikamatwa na mwishowe wakapelekwa Tabora, wakafunguliwa mji ule ulipoangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916. Mateso yao yameandikwa mara nyingi. Yaliyoandikwa kidogo mno ni ya walimu na mapadre Waafrika wa misheni, ambao walishukiwa kuwa wapelelezi wa Mwingereza kwa sababu tu walisali na Waingereza. Walifungwa, walipigwa, na wengine walifia kifungoni. Waliobaki nje ndio waliokusanya watu Jumapili, wakafundisha watoto, wakazika wafu. Ni kwa sababu yao Kanisa la Bonde halikufa miaka ile miwili, na Weston mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bahari asiweze kufanya lolote.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalianza kuingia ndani ya nchi, na jeshi lilihitaji wapagazi. Vijana, nataka muione kazi ile kwa karibu, kwa sababu tumezoea kuisikia kama neno tu. Gari halipiti kwenye tope. Ng'ombe na farasi wanakufa kwa ndorobo. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila bomba la mzinga lazima lipande juu ya kichwa cha mtu. Mzigo ni karibu kilo 25, juu yake blanketi lake na chakula chake. Jioni anapewa unga wa mahindi usiokobolewa vizuri. Sufuria ni chache, kuni zimelowa, anakula ugali nusu mbichi. Mtu aliyezoea wali au ndizi tumbo linamvuruga siku ya tatu, kisha anaanza kuhara damu. Asubuhi mzigo uko pale pale. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe wapagazi waliokufa upande wao walizidi 40,000, na wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na malaria. Risasi iliua wachache. Wanaokwenda sokoni Kariakoo pale Dar es Salaam wanakanyaga ardhi ya kambi yao.

Serikali ya Unguja nayo ikatakiwa itoe watu. Weston alijitolea awakusanye na kuwaongoza yeye mwenyewe. Kikaundwa Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar, askofu akapewa cheo cha meja, akavuka nao bahari na kutembea nao kwa miguu mwambao wa pwani, Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Alilala walipolala. Mpagazi wa kikosi chake akiugua, aliyesimama mbele ya ofisa kudai dawa na chakula alikuwa mtu ambaye ofisa yule asingeweza kumfukuza.

Tusimpambe. Vita ile haikuwa ya Wazanzibari. Walikuwa wanabeba mizigo ya wafalme wawili wa Ulaya waliokuwa wakigombea nchi isiyo yao, na askofu aliyewaita waitike alikuwa Mwingereza aliyeitakia nchi yake ushindi. Alipewa nishani kwa kazi ile. Naweza kuelewa alivyofikiri: kwamba watu watachukuliwa vyovyote, basi heri wachukuliwe na mtu atakayewajali. Fikra hiyo ilipunguza vifo, nasadiki hivyo, lakini bado ilikuwa inamsaidia yule aliyewachukua. Na mwaka 1918 aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, aliyewahi kuongoza majeshi ya Uingereza huku, akaeleza viboko, minyororo na shuruti za utawala wa Kijerumani, akisihi Waafrika hawa wasirudishwe chini ya Berlin. Mengi aliyoyaandika mababu zetu waliyashuhudia kwa migongo yao. Ila kwa Mwingereza kuandika hivyo mwaka 1918 hakukumgharimu kitu. London ilikuwa inataka kusikia maneno yale yale, maana ilikuwa inaitaka nchi.

Kilichonifanya nimheshimu ni alichofanya miaka miwili baadaye.

Baada ya vita serikali ya Kenya iliwagawia ardhi wanajeshi wa zamani wa Kiingereza, walime kahawa, katani na kitani. Ardhi ilipatikana, wafanyakazi hawakupatikana. Wakikuyu, Wajaluo na watu wengine wa Kavirondo, upande wa Ziwa Viktoria, walikuwa na mashamba yao, na vijana wengi waliochukuliwa kuwa wapagazi hawakurudi. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey akatoa waraka kwa maofisa wake. Lugha yake ilikuwa laini sana. Maofisa watumie kila njia halali kuwahimiza watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Machifu na wasaidizi wao wahimize pia, na chifu asiyesaidia aripotiwe. Mashamba yakiwa karibu na vijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe. Neno shuruti halikuwamo. Lakini fikirieni kijiji ambacho chifu wake anajua jina lake litafika kwa gavana asipopeleka watu ishirini Jumatatu. Huyo chifu atahimiza kwa njia gani, kwa nyimbo? Atatuma askari wake. Wazee wetu walikuwa na jina la kazi ya namna hiyo, waliita shokoa, na hakuna aliyeichanganya na kibarua cha hiari.

Maaskofu wa Uganda na Mombasa, Willis na Heywood, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Kiskoti, walitoa tamko. Walionya juu ya dhuluma inayoweza kutokea, na hilo tuwape haki yao. Lakini walisema kama shuruti ni ya lazima kwa maendeleo ya nchi, basi iwekwe wazi kisheria, isimamiwe na serikali, iwe na mipaka. Yaani waliikubali kimsingi, wakaomba itendwe kwa adabu.

Weston hakukubali. Mwaka 1920, mwaka ambao maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikuwa wanakutana Lambeth, London, alichapisha kijitabu ambacho jina lake tu lilitosha kuwakera watu wa London: aliwaita Waafrika wa Kenya watwana wa Uingereza. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu awaite Waafrika wa Tanganyika watumwa wa Wajerumani. Kipimo alichompimia adui sasa alimpimia ndugu yake. Kumshurutisha mtu amfanyie kazi tajiri binafsi, alisema, ni uovu, na haugeuki kuwa wema kwa sababu umeandikwa kwenye sheria na kuwekewa mipaka. Kanisa halina ruhusa ya kuubariki.

Hapo ndipo ninapomwona Weston kamili, si nusu nusu. Mwaka 1913 aligombana na Willis kuhusu nani aupokee Mwili wa Kristo altareni. Mwaka 1920 akagombana naye tena kuhusu mwili wa Mluo na Mkikuyu shambani. Kwa waliomzunguka hayo yalikuwa mambo mbali mbali, moja la dini na moja la siasa. Kwake lilikuwa jambo moja. Na alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho: alikuwa ametembea na wapagazi. Alijua mstari wa waraka unavyokuwa ukifika kwenye shingo ya mtu. Nadhani, na hii ni hukumu yangu mwenyewe, kwamba barabara ya Bagamoyo ilimfundisha zaidi ya Oxford, pamoja na kumwonyesha kwamba ule wema wake wa mwaka 1916 haukutosha.

Hakuwa peke yake. J. H. Oldham, katibu wa baraza la misheni kule London, aliendesha kampeni ya subira kwa njia za ofisini, na bila yeye kelele za askofu zingeweza kupotea hewani. Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alitoa agizo kwamba maofisa wa serikali ya Kenya wasiandikishe tena watu kwa ajili ya waajiri binafsi. Kipande, ile hati ya kazi aliyolazimika Mwafrika kuivaa, kilibaki shingoni na kodi ilibaki, nazo zilimsukuma mtu shambani vile vile. Lakini mlango mmoja ulifungwa, na waliousukuma ufungwe wanajulikana.

Julai 1923 alikuwa mwenyekiti wa kongamano kubwa la Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki katika ukumbi wa Albert Hall, London. Ukumbi ulijaa watu waliompenda kwa ajili ya misa na ubani, watu waliokuwa wameshinda vita vyao vya kuweka Sakramenti makanisani. Angeweza kuwapongeza akakaa. Aliwaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu ndani ya tabernakulo, kisanduku cha Sakramenti, ikiwa hawamhurumii Yesu kwenye mitaa ya mafukara. Misa mnayo, aliwaambia, altare mnazo. Sasa tokeni mkamtafute Yesu kwa waliovaa matambara, kwa walio uchi, kwa wanaokandamizwa na kunyonywa jasho, kwa waliokata tamaa. Mkimwona, jifungeni taulo lake mjaribu kuwaosha miguu. Mara nyingi husemwa hotuba ile ilihusu maskini wa Uingereza. Ni kweli, ilihusu mitaa kama Stratford alikoanzia. Lakini aliyeitoa alikuwa ametoka Mkunazini, na sioni angewezaje kusema vile kama asingepita huku.

Alirudi, akaendelea na safari zake. Mwaka uliofuata alitokwa na jipu, sumu ikaingia kwenye damu. Zama zile hapakuwa na dawa ya kuizuia. Alikuwa na miaka 53. Masasi, sehemu ya kusini ya dayosisi yake, ikapata askofu wake mwaka 1926, William Vincent Lucas.

Kuna jambo sina budi kulisema kabla sijamaliza, kwa sababu yeye mwenyewe angependa lisemwe. Weston aliwaweka Waafrika katika upadre, akawatetea, akala nao. Lakini hakuweka Mwafrika katika uaskofu, wala waliomfuata hawakufanya haraka. Tangu shemasi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, John Swedi, aliyewekwa mwaka 1879, na padre wa kwanza, Cecil Majaliwa, mwaka 1890, ilichukua miongo mingi mpaka John Sepeku akawa askofu, na mwaka 1970 Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Aliyesema Waafrika wapewe Kanisa zima alikufa wakiwa bado hawajapewa ufunguo wake.

Na ndiyo maana ombi langu leo halihusu kumjengea Weston chochote. Yeye ameandikwa vya kutosha. Ninaomba tuwaandike wale walimu waliolishika Kanisa la Bonde kati ya 1914 na 1916, na wapagazi waliotoka parokia hizi. Baadhi ya majina yamo kwenye madaftari ya ubatizo na ndoa, na mchwa hawatungoji. Mengine yamo vichwani mwa bibi na babu waliosimuliwa na wazazi wao. Vijana wenye simu zinazorekodi, kazi hii ni yenu kuliko yetu. Nimezungumza na padre wa parokia, ameruhusu madaftari ya zamani yapigwe picha mbele ya katekista. Mzee yeyote mwenye barua, picha au hata kisa cha ndugu aliyechukuliwa na hakurudi, asiondoke bila kutuachia jina na kijiji. Meza iko pale upande wa sakristia, na tutakaa hapo baada ya chai mpaka wa mwisho aandikwe.